Kodi hufuata namba za gari, haifuati yadi: mwongozo wa kununua gari nje ya jimbo lako Marekani

Mama mmoja jirani yetu hapa Lewiston, jimbo la Maine, alivuka mpaka akanunua Honda CR-V kwenye yadi moja huko New Hampshire. Dola 11,500, pesa taslimu, akiba ya miaka miwili ya kazi za usiku. Alikwenda New Hampshire kwa sababu kila aliyemuuliza alimwambia kule hakuna kodi, na kweli risiti yake haikuwa na kodi hata senti moja. Siku tulipokwenda pamoja ofisi ya mji kuandikisha gari, alikuwa na dola 200 mkobani. Karani akasoma karatasi, akabonyeza kikokotoo chake, akakigeuza ili tuone: 632.50. Hiyo ni kodi ya mauzo peke yake, kabla ya mengine. Mama hakumtazama karani, alinitazama mimi. "Mwambie nilishamaliza kulipa kule."

Mimi siku ile nilikuwa mkalimani tu, na ikabidi nimtafsirie jambo ambalo mtu alipaswa kumweleza kabla hajatoka nyumbani. Karani hakukosea, na wala yadi haikumdanganya. Gari lilikaa uani siku kumi na moja bila namba, likisubiri dola zitimie, na yeye akaendelea kuomba lifti kwenda kazini. Ndiyo maana naandika haya kwa urefu.

Tatizo liko wapi

Wengi wetu tumetoka mahali ambapo kodi ya gari inamalizwa mlangoni. Gari la mtumba kutoka Japani linashuka Mombasa au Dar es Salaam, mamlaka ya mapato inapiga hesabu yake, na gari halitoki bandarini mpaka ushuru uwe umelipwa. Ukiliona barabarani unajua serikali imeshachukua chake. Fikra hiyo tumehama nayo. Tukifika Marekani tunadhani risiti ya yadi ndiyo mwisho wa hesabu: kama muuzaji hakudai kodi, basi kodi haipo.

Hapa mambo yamegeuka. Jimbo litakaloliandikisha gari na kulipatia namba ndilo lenye kodi yake, hata kama gari limenunuliwa maili elfu mbili kutoka hapo. Sheria za majimbo mengi zina kodi mbili pacha. Ya kwanza ni kodi ya mauzo, ambayo muuzaji wa ndani ya jimbo anaikusanya. Ya pili ni kodi ya matumizi, ambayo mnunuzi mwenyewe anailipa akileta nyumbani kitu alichonunua nje bila kutozwa. Kiwango kwa kawaida ni kile kile, na ya pili iliwekwa makusudi ili kuvuka mpaka kusiwe njia ya kuikwepa ya kwanza. Ukinunua viatu nje ya jimbo ni vigumu serikali kujua. Kwa gari haina haja ya kukutafuta, maana wewe mwenyewe utakwenda kwenye dirisha lao kuomba namba.

Majimbo matano hayana kodi ya mauzo ya jimbo: Alaska, Delaware, Montana, New Hampshire na Oregon. Faida hiyo ni ya mkazi anayeandikisha gari huko. Mtu wa Maine akinunua New Hampshire atalipa kodi ya Maine. Na huko Portland ya Oregon (siyo Portland yetu ya Maine), watu wa mji wa Vancouver, jimbo la Washington, wanaovuka mto Columbia kununua gari wanarudi kulipa kodi ya matumizi jimboni kwao. Mto hausaidii.

Hatua ya kwanza: hakikisha gari litaandikishwa wapi

Swali hili linaonekana rahisi, lakini ndilo linaloamua yote. Gari linaandikishwa unakoishi kweli, mahali unapolala na gari linapolala. Siyo anwani ya binamu aliyeko New Hampshire, wala ya rafiki aliyeko Oregon. Utasikia pia ushauri wa kufungua kampuni ya karatasi huko Montana na kuandikisha gari kwa jina la kampuni hiyo. Majimbo yanaujua mchezo huo na yanawafuatilia wanaoucheza, na ukipata ajali, kampuni ya bima inaweza kugoma kulipa kwa sababu ulidanganya gari linalala wapi. Kwa mtu ambaye bado yuko kwenye safari ya makaratasi ya uhamiaji, anwani ya uongo kwenye fomu ya serikali ni hatari kubwa kuliko dola mia sita.

Hatua ya pili: jua kiwango cha kwenu, na jina lake

Kiwango kinachokuhusu ni cha unakoishi, siyo cha yadi. Maine ni rahisi: asilimia 5.5 jimbo zima. Minnesota ni 6.875 kwa magari. Texas ni 6.25. Kentucky ni 6. Pennsylvania ni 6, lakini wakazi wa Philadelphia wanalipa 8. Ohio ni 5.75 ya jimbo, halafu kila kaunti inaongeza yake juu, na Kaunti ya Franklin, penye Columbus, ilipanda kutoka 7.5 hadi 8 mwezi Aprili 2025. Kwa hiyo usitegemee alicholipa shemeji yako mwaka juzi. Fungua tovuti ya idara ya mapato ya jimbo lako wiki ile ile unayonunua.

Kuna mtego wa majina pia. Majimbo mengine hayaiiti kodi hii kodi ya mauzo. North Carolina ina kodi ya matumizi ya barabara, asilimia 3. Iowa inaita ada ya uandikishaji wa mara ya kwanza, asilimia 5 ya bei. Georgia ina kodi yake ya umiliki, asilimia 7, nayo inapigwa juu ya thamani ambayo jimbo limeipangia gari. South Carolina ni asilimia 5, lakini haizidi dola 500. Ukiuliza ofisini kwa Kiingereza kama kuna "sales tax" unaweza kujibiwa hapana, nawe ukatoka na furaha ya bure. Uliza hivi: kuanzia sifuri mpaka namba zikae kwenye gari, jumla nitalipa kiasi gani?

Hatua ya tatu: piga hesabu juu ya nini hasa

Asilimia ni nusu ya hesabu. Nusu nyingine ni kiasi ambacho asilimia hiyo inapigwa.

Tuseme unaishi Lewiston, na gari unalolitaka New Hampshire ni dola 18,000. Ukilipa bila kuacha gari lako la zamani, kodi ya Maine ni dola 990. Ukimwachia muuzaji gari la zamani naye akalihesabu dola 3,000, kodi inapigwa kwenye 15,000 zilizobaki: dola 825. Umeokoa 165. Lakini punguzo hilo linataka gari la zamani liwe limeandikwa kwenye mkataba ule ule wa mauzo. Ukiliuza mwenyewe kwa jirani Ijumaa na kununua jipya Jumamosi, hakuna punguzo, hata kama pesa ni zile zile. Wakati mwingine jirani atakupa zaidi ya yadi, kwa hiyo linganisha: ofa ya yadi pamoja na kodi utakayookoa, dhidi ya ofa ya jirani.

Si kila jimbo lina huruma hiyo. California na Virginia zinatoza kodi kwenye bei nzima, uache gari au usiache.

Ada ya makaratasi ambayo yadi inaongeza, dhamana ya ziada, na punguzo linalotoka kwa kiwanda, kila moja ina kanuni zake jimbo kwa jimbo. Usizikisie. Mwambie muuzaji aandike kila kitu kwenye mstari wake, halafu piga simu ofisi ya kwenu uwasomee.

Na usichanganye kodi hii na kodi ya mji ya kila mwaka. Hapa Maine, kabla ya kupata namba, unalipa mji wako kodi ya gari inayopigwa kwenye bei ya kiwandani gari lilipokuwa jipya, siyo bei uliyonunua. Gari jipya ni dola 24 kwa kila elfu, na kiwango kinashuka kila mwaka mpaka dola 4 kwa kila elfu kuanzia mwaka wa sita. Gari ambalo bei yake ya kiwandani ilikuwa dola 28,000, likiwa sasa na miaka saba, litalipa 112. Ongeza dola 35 za uandikishaji. Ile kodi ya mauzo unailipa mara moja, lakini hii ya mji itarudi kila mwaka.

Hatua ya nne: piga simu kwenye yadi kabla hujawasha gari

Wauzaji wa jimbo jingine wanafanya moja ya mambo matatu.

Wa kwanza hawakutozi kitu. Wanakupa karatasi, unakwenda kulipa kwenu. New Hampshire ni hivi, na majimbo mengine yenye kodi yanawaachia wageni kwa kujaza fomu ya kuthibitisha kwamba gari linatoka.

Wa pili wanakutoza kiwango cha kwenu. Indiana na Florida wanafanya hivyo kwa wageni wengi, Florida bila kuzidi asilimia 6 yake yenyewe.

Wa tatu wanakutoza kodi yao kamili kwa sababu gari umelichukua ndani ya jimbo lao. California ndiyo mfano mkubwa: ukikabidhiwa funguo ukiwa umesimama California, kodi ya California inakuhusu. Inaondoka pale tu muuzaji mwenyewe anapolisafirisha gari mpaka nje ya jimbo na kukukabidhi huko. Ohio nayo inawaachia wageni wengi, ila inawatoza wakazi wa majimbo machache, Michigan na Indiana yakiwemo.

Kwa hiyo maswali ya simu ni haya. Mimi ni mkazi wa jimbo fulani, mtanitoza kodi? Ya jimbo gani, asilimia ngapi? Mkikusanya, mnaipeleka wenyewe jimboni kwangu au napewa mimi niipeleke? Bei ya mwisho kabisa ya kutoka nayo getini ni ngapi? Omba jibu kwa barua pepe au ujumbe wa simu. Neno la mdomo la muuzaji anayetaka kufunga mauzo ya mwezi halina uzito mbele ya karani.

Kampuni zinazouza magari kwenye mtandao na kukuletea mlangoni mara nyingi zinakusanya kodi ya jimbo lako na kushughulikia uandikishaji. Hilo ni jema, ila soma mstari wa kodi uone limeandikwa jimbo gani. Nimeona mkataba wenye anwani ya zamani ya mnunuzi, na kodi ikahesabiwa ya huko alikohama.

Kama unaishi California na unataka gari jipya kutoka nje, kuna jambo zito kuliko kodi: gari lenye maili chini ya 7,500 ambalo halikuthibitishwa kwa viwango vya moshi vya California kwa kawaida halitaandikishwa. Angalia kibandiko chini ya boneti kabla ya kutoa hata dola.

Hatua ya tano: kodi itatoka mfuko gani

Hapa ndipo watu wenye kipato kidogo wanapoumia. Ukinunua ndani ya jimbo lako kwa mkopo, mara nyingi benki inaiweka kodi ndani ya mkopo na unailipa kidogo kidogo. Ukinunua kwa muuzaji asiyekusanya kodi, mkopo unafunika bei ya gari tu. Kodi itakusubiri dirishani, na itadaiwa yote kwa mkupuo, siku ile ile.

Kabla ya kusaini mkopo, muulize mkopeshaji kama anaweza kuongeza kodi na ada za kwenu. Vyama vya kuweka na kukopa vya mtaani mara nyingi vinaelewa jambo hili haraka, maana wanachama wao wanavuka mpaka kila wiki. Kama jibu ni hapana, toa kiasi cha kodi kwenye akiba na kiweke pembeni kabla ya kutoa kianzio, yaani malipo ya mwanzo ya gari. Kama huna vyote viwili, kianzio na kodi, basi gari hilo bado ni ghali kwako. Tafuta la bei ya chini kidogo, usije ukawa na gari usiloweza kuliendesha.

Hatua ya sita: siku ya kununua, soma karatasi kabla ya kupokea funguo

Hakikisha unaondoka na karatasi hizi, na uzisome ukiwa bado umekaa kwenye kiti cha muuzaji.

Mkataba wa mauzo, ule ulioandikwa juu yake Bill of Sale au Purchase Agreement. Uwe na jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho, tarehe, bei, namba ya chesisi, maili zilizosomwa kwenye dashibodi, na gari uliloacha kama lipo. Mstari wa kodi uonekane peke yake. Kama hukutozwa, iandikwe sifuri. Kama ulitozwa, iandikwe kiasi na jimbo. Maneno "kodi imo ndani ya bei" hayatoshi, kwa sababu siku ya kuomba kodi uliyokwisha kulipa ihesabiwe, karani atataka kuona tarakimu.

Hati ya umiliki, ambayo Tanzania tunaiita kadi ya gari, Kenya logbook, na ndugu zetu wa Kongo na Burundi wanaita karti rozi. Hapa imeandikwa Title. Muuzaji lazima asaini nyuma kukuhamishia. Kama umenunua kwa mkopo, hati yenyewe inaweza kwenda kwa mkopeshaji, na wewe unapewa fomu ya maombi ya hati. Uliza itatumwa lini na kwa nani, andika jina na namba ya simu ya ofisi inayohusika.

Toa kidole chako, kiweke juu ya namba ya chesisi kwenye kona ya chini ya kioo cha mbele, upande wa dereva, na mtu mwingine asome ile ya kwenye mkataba herufi kwa herufi. Zipo kumi na saba. Mara moja tulikuta 8 imeandikwa mahali pa B. Muuzaji aliirekebisha kwa dakika tano. Tungekuwa tumeshafika nyumbani, ingekuwa safari nyingine ya saa mbili kwenda na mbili kurudi.

Piga picha kila karatasi, pande zote mbili.

Hatua ya saba: safari ya kurudi

Piga simu kwa bima yako kabla ya kuondoka, wape namba ya chesisi, omba uthibitisho kwenye simu. Uliza yadi kuhusu namba ya muda ya kusafiria, na siku zake zinaisha lini. Namba hiyo haimaanishi kodi imelipwa. Inakufikisha nyumbani tu.

Hatua ya nane: dirishani

Kila jimbo lina mlango wake. Maine unaanza ofisi ya mji. Kentucky ni ofisi ya karani wa kaunti. Texas ni ofisi ya kodi ya kaunti. Ohio unaanza ofisi ya hati ya karani wa mahakama, unalipa kodi pale, kisha ndipo unakwenda kuchukua namba. Beba mkataba, hati ya umiliki, uthibitisho wa bima, kitambulisho, kitu kinachoonyesha anwani yako, na pesa kwa njia wanayoipokea. Ofisi nyingine zinakata ada ya ziada ukilipa kwa kadi.

Kama ulilipa kodi jimbo la kununulia, toa ushahidi mapema, kabla karani hajaanza hesabu. Majimbo mengi yanahesabu uliyolipa nje na kukudai tofauti tu. Gari la dola 12,000 lililotozwa asilimia 5 huko limelipa 600. Maine inataka 660. Unalipa 60. Kama huko ulitozwa asilimia 7, yaani 840, hudaiwi kitu hapa, lakini zile 180 za ziada Maine haikurudishii.

Na kama yadi ilikutoza kodi ya jimbo lao kwa makosa? Anza na yadi, kwa maandishi, ukiambatanisha nakala ya uandikishaji wako wa nyumbani. Wao ndio walioipeleka na mara nyingi ndio wanaopaswa kuiomba irudi. Fanya hivyo wiki hiyo hiyo, usingoje mpaka msimu wa kodi.

Ukinunua kwa mtu, siyo yadi

Mtu binafsi hakusanyi kodi, lakini mnunuzi anadaiwa katika majimbo mengi. Arizona na Nevada hazitozi kodi ya mauzo gari linapouzwa mtu kwa mtu, Maine inatoza. Ukinunua gari kwa mtu wa Arizona ukalileta Maine, sheria ya Maine ndiyo inayokuhusu.

Hapa kuna jambo nalisema bila kuzunguka. Utasikia: "Tuandike dola 500 kwenye karatasi, kodi iwe ndogo." Kataa. Texas, kwa mfano, ina orodha ya thamani za magari. Ukinunua kwa mtu, kodi inapigwa kwenye bei yako au asilimia 80 ya thamani yao, ile iliyo kubwa. Gari lenye thamani ya 10,000 uliloliandika 1,000 litatozwa kama la 8,000, dola 500 kamili, na uongo wako utakuwa haujakusaidia chochote. Kentucky inataka mnunuzi na muuzaji wote wawili waapie bei kwa saini zao. Na fomu ya kuomba uraia wa Marekani inauliza kama umewahi kutenda kosa lolote hata kama hukukamatwa. Usijitie kwenye hali ya kulifikiria jibu hilo kwa sababu ya karatasi ya gari.

Zawadi ni jambo jingine. Texas inatoza dola 10 tu kwa gari la zawadi kati ya ndugu wa karibu, lakini angalia ni nani anayeitwa ndugu. Orodha yao ina mume na mke, wazazi na watoto pamoja na wa kambo, wakwe, kaka na dada, babu, bibi na wajukuu, na mlezi wa kisheria. Mjomba hayumo. Shangazi hayumo. Binamu hayumo. Sisi tunayemwita kaka anaweza kuwa mtoto wa baba mdogo, na mbele ya sheria hiyo yeye ni mtu baki. Usimwandike kaka kwenye fomu ya kiapo.

Ukihama na gari lako

Wengi wetu tunashukia jimbo moja, tukafanya kazi mwaka mmoja, kisha tunahamia penye ndugu au penye nyumba. Kuhama na gari ulilokwisha kuandikisha ni tofauti na kununua nje. Texas inamtoza mkazi mpya dola 90 badala ya asilimia 6.25. Georgia inamtoza asilimia 3 badala ya 7. North Carolina ina kikomo cha dola 250 kwa gari ambalo limekuwa na hati ya jimbo jingine siku 90 au zaidi. Muda wa kuandikisha kwa mkazi mpya katika Texas, Georgia na Maine ni siku 30.

Maine inamwachia kodi ya mauzo mtu aliyenunua na kulitumia gari nje kabla ya kuhamia, lakini kwa masharti: siku ya kununua awe alikuwa mkazi wa jimbo lile, na awe aidha ameajiriwa huko au ameandikishwa kupiga kura huko. Kura haituhusu wengi wetu bado. Ajira inatuhusu. Kwa hiyo kabla ya kuhama, usitupe karatasi za mshahara za mwezi ulionunua gari. Baba mmoja aliyefika hapa kutoka Texas na watoto wanne na gari lake la Toyota Sienna alikuwa amezihifadhi zote kwenye mfuko wa mchele, zimepangwa kwa tarehe na kufungwa kwa mpira. Karani alichagua mbili, akazitazama, akamwonyesha mahali pa kusaini kwenye fomu ya msamaha. Alilipa kodi ya mji na dola 35 za uandikishaji, akatoka na namba zake zimebanwa kwapani.